Kuinuka Baada ya Pigo na Kuishi Vizuri na Watu: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Nilianza kazi ya ushauri nasaha katika chumba kidogo cha zahanati, Tanga, enzi ambazo majibu ya VVU yalimwangukia mtu kama radi. Kazi yangu ilikuwa kukaa naye baada ya majibu. Nilichokiona kule nimekiona tena kwa waliofiwa, walioachishwa kazi na walioachwa na wenza wao: anayeinuka mapema si lazima awe mwenye moyo mgumu. Mara nyingi ni yule aliyekuwa na mtu wa kumwambia. Na wengi waliokosa mtu wa kumwambia hawakukosa ndugu. Walikuwa wamenuniana nao, au walishaamua moyoni kwamba ndugu hawatawaelewa kabla hata ya kuwajaribu.

Ndiyo maana hapa maswali ya kuhimili mapigo na maswali ya mahusiano yamechanganyika. Kwangu mimi ni jambo moja. Mifano ya watu nimeibadilisha kiasi kwamba hakuna atakayejitambua, wala jirani yake kumtambua.

Ustahimilivu si ndiyo kuvumilia tu?

Hapana, na laiti tungeyatenganisha maneno haya kila siku. Bibi harusi hukalishwa mkekani akaambiwa, "Vumilia mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo." Kibarua asiyelipwa miezi mitatu huambiwa mvumilivu hula mbivu. Kuvumilia ni kubeba mzigo bila kuutua, na kuna wakati ndicho kinachotakiwa: unamuuguza mzazi, unamalizia mkopo, unangoja mtoto amalize shule. Embe limo mtini, unaliona linaiva. Lakini nimekutana na watu waliokaa miaka kumi chini ya mti ambao haujawahi kutoa hata ua.

Ustahimilivu ni kupigwa na jambo, ukayumba, ukakosa hamu ya kula, kisha ukarudi kwenye maisha ukiwa bado unaweza kufanya kazi na kupenda watu. Kulia kumo humo ndani. Kuomba msaada kumo. Hata kuondoka kumo.

Mama mmoja wa chakula alivunjiwa banda lake. Majirani walimsifu kwamba amekaza, maana hakutoa hata chozi. Miezi miwili baadaye alikuwa hajafungua tena, hapokei simu, na watoto anawachapa kwa kosa la kumwaga maji. Mwenzake wa banda la pili alilia palepale barabarani mbele za watu, akaenda kulala kwa dada yake siku nne. Siku ya tano akashika simu kuwauliza wateja wake wa mchana siku hizi wanakula wapi, akawafuata na sufuria zake. Mtaa ulimsifu yule wa kwanza. Mimi namsifu huyu wa pili.

Wengine wamezaliwa na moyo huo. Sisi wengine tufanyeje?

Tabia ya kuzaliwa ina sehemu yake, sikatai. Lakini kuna utafiti mmoja ninaoupenda kuliko yote katika kazi hii. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto wote waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, watoto 698, tangu tumboni mwa mama zao hadi utu uzima. Karibu theluthi moja walizaliwa kwenye hali ngumu: umaskini, ugomvi wa wazazi, ulevi, maradhi ya akili nyumbani. Wengi wa hao walipata matatizo makubwa wakiwa vijana, kama ambavyo ungetarajia. Lakini takriban mmoja kati ya watatu wao alikua akawa mtu mzima mwenye kujiamini na mwenye kujali wengine.

Walikuwa na nini wale? Hawakuwa na akili za ajabu. Jambo lililojitokeza tena na tena ni kuwa na walau mtu mzima mmoja aliyekuwa upande wao daima: bibi, shangazi, mwalimu, jirani. Mtu mmoja. Na jingine linalonipa moyo zaidi: wengi katika wale walioharibikiwa ujanani walijirudi walipofika miaka ya thelathini na arobaini, baada ya kupata mwenza mwema, elimu ya pili, kazi, au jumuiya ya kidini iliyowapokea.

Kwa hiyo ukiniuliza ufanyeje, nitakuuliza mtu wako mmoja ni nani. Kama hayupo, hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kuzoea kuamka saa kumi alfajiri na mengine yote mnayofundishwa mitandaoni.

Kila mahubiri na kila semina ni "badilisha mtazamo". Inatosha?

Haitoshi. Mtazamo haulipi kodi ya nyumba. Mtu mwenye njaa akiambiwa tatizo lake ni mtazamo, ametukanwa.

Lakini mtazamo haukosi kazi. Mwanasaikolojia Carol Dweck wa Chuo Kikuu cha Stanford ametumia miaka mingi kuonyesha tofauti kati ya mtu anayeamini uwezo wake umeshapimwa na kufungwa, na yule anayeamini unaweza kukua. Wa kwanza akifeli husema "mimi si mtu wa hesabu". Wa pili husema "hesabu sijaziweza bado". Lile neno "bado" linabadilisha kitu kidogo lakini cha kweli: linakurudisha mezani kesho yake. Wenzake walipolijaribu wazo hilo kwa wanafunzi zaidi ya 12,000 wa sekondari Marekani, matokeo yao yakatoka mwaka 2019, waliokuwa nyuma darasani walipanda alama, ila kidogo, na ilitegemea pia kama shuleni kwao mazingira yaliwapa nafasi ya kujaribu magumu. Nadhani hapo ndipo mahali sahihi pa kuuweka mtazamo. Ni mbegu, na udongo una neno lake.

Neno hilo "bado" mimi nalitumia zaidi kwa watu kuliko kwa masomo. "Baba yangu hanielewi" ni mlango uliofungwa. "Baba yangu hajanielewa bado" unakuachia kesho.

Usiku mawazo yanazunguka tu, silali. Nifanyeje?

Kwetu mtu akisema "nina mawazo" hakuna anayedhani anafikiria. Tunajua anaumwa. Washona wa Zimbabwe nao wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Kwao kufunga ni kufikiri. Nimelipenda neno hilo tangu nilisikie, maana sisi tukilisoma kwa Kiswahili linatuambia jambo jingine la kweli: mawazo yakizidi, yanafunga.

Kule Harare daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa kijana kwa kujiua. Familia yake ilikosa nauli ya basi ya kumpeleka hospitali, dola 15 hivi. Mwaka 2006 alianza kazi katika kitongoji cha Mbare akiwa na bibi 14 wa kujitolea, wahudumu wa afya wa jamii, hana jengo wala wauguzi wa kumsaidia. Wakaweka mabenchi nje ya zahanati. Mwanzoni liliitwa benchi la afya ya akili, na watu hawakulisogelea. Bibi wakashauri liitwe benchi la urafiki, watu wakaja.

Bibi anafanya mambo ambayo kwa Kishona wameyaita kufungua fikra, kuinua na kuimarisha. Kwanza anasikiliza mpaka matatizo yote yatoke. Kisha anamwambia mgeni wake achague moja tu, na wanatafuta pamoja hatua ya kuchukua juu ya hilo moja kabla ya kuonana tena. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi na bado wana dalili za sonona walikuwa asilimia 14 hivi, na waliopata huduma ya kawaida walikuwa asilimia 50. Benchi hilo sasa limefika Malawi na Zanzibar pia.

Nyumbani unaweza kuiga hivi. Jioni, si usiku wa manane, andika kila kinachokuzunguka. Ada, kikohozi cha mtoto, maneno ya bosi, mkutano wa familia. Chagua kimoja ambacho kesho unaweza kukigusa, hata kama si kikubwa kuliko vyote, na uandike hatua moja yenye saa yake: "Saa nne nitampigia mwalimu mkuu kuomba kulipa kwa awamu mbili." Halafu mwambie mtu. Usiruke hatua hiyo ya kumwambia mtu. Watu wengi huandika vizuri sana kisha wakakunja karatasi, na usiku bado hawalali.

Nitajuaje kama nimemuelewa mtu au ninamkisia?

Kwa kutenga ulichokiona na ulichokiongeza.

Msichana mmoja alinijia akiwa ameshamfuta dada yake moyoni. Alimtumia ujumbe wa WhatsApp kuhusu kitchen party yake, tiki zikawa za bluu, jibu hakuna. Siku ya pili hakuna. Alipofika kwangu kesi ilikuwa imekamilika: dada ananionea wivu, tangu utotoni alikuwa hivyo, hata kwenye msiba wa babu alinikalia mbali. Nikampa karatasi nikaichora mstari katikati. Upande wa nilichokiona iliingia sentensi moja: amesoma Jumatano saa tatu usiku, hajajibu. Mengine yote yalikwenda upande wa pili.

Alipompigia hatimaye, dada yake alianza kulia kabla ya salamu. Hakuwa na mchango. Alikuwa anaona aibu kumwambia mdogo wake kwamba hata elfu hamsini hana.

Mwanasaikolojia Lee Ross mwaka 1977 alilipa jina kosa hili: tukimwona mwenzetu anakosea, tunasema ndivyo alivyo, tunasahau hali iliyombana. Tukikosea sisi, hali iliyotubana ndiyo tunayoieleza. Mimi nimechelewa kwa sababu ya foleni. Wewe umechelewa kwa sababu huna heshima. Sijawahi kukutana na mtu asiyefanya hivi, nami nikiwemo.

Tuna miaka 15 kwenye ndoa, namjua mwenzangu kama kiganja changu. Mbona tunagombana kwa vitu vidogo?

Labda ni kwa sababu hiyohiyo, kwamba unamjua. Unapoamini unamjua huulizi.

Kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2011 ambalo wanandoa walikalishwa wamepeana migongo, mmoja akisema maneno yenye maana zaidi ya moja, mwingine akisie alichokusudia. Kisha wakafanya vivyo hivyo na watu wasiowajua. Wanandoa hawakuelewana zaidi ya watu wasiojuana. Tofauti ni kwamba waliamini wanaelewana. Nicholas Epley, aliyekuwa mmoja wa watafiti hao, mwaka 2018 akatoa na wenzake majaribio mengine 25 kuhusu ushauri huu tunaopeana sana, "jiweke kwenye nafasi yake". Waligundua kwamba kujiweka kwenye nafasi ya mwenzako hakukuongezei usahihi wa kujua anachofikiri. Kilichoongeza ni kumuuliza.

Hilo lilinishtua, maana miaka mingi nilikuwa nawaambia watu wavae viatu vya wenzao. Sasa nawaambia wamuulize vinabana wapi.

Halafu kuna suala la namna mnavyogombana. John Gottman aliyewachunguza wanandoa kwa miongo mingi huko Seattle anasema asilimia 69 ya migogoro yao haiishi. Inatokana na tofauti za tabia na malezi, na wanandoa wenye furaha wanayo pia. Mmoja anapenda wageni, mwingine anapenda ukimya. Hamtalimaliza hilo. Kinachoua ndoa, kwa uchunguzi wake, ni dharau kuliko jambo jingine: kusonya, kubinua midomo, kumwigiza mwenzako sauti, kumwita majina. Naomba uchukue hili kwa uzito. Kusonya kwetu ni jambo la sekunde moja na tunaliona dogo, na nimewaona wanaume wazima wakitokwa na machozi wakisimulia msonyo wa miaka mitano iliyopita.

Gottman anasema pia kwamba mapigo ya moyo yakipita 100 kwa dakika katikati ya ugomvi, mtu hasikii tena, anajihami tu. Mwili unahitaji walau dakika 20 kutulia. Kwa hiyo sema: "Mume wangu, nimepandwa na hasira. Naenda kuoga, nikirudi tumalize." Lazima useme utarudi, na urudi. Kuondoka kimyakimya ni silaha.

Nimuulizeje mtu bila aone namchokoza?

Chagua wakati. Mtu mwenye njaa, mtu anayetoka kwenye daladala, mtu mbele ya wageni, huyo hajibu swali, anajikinga. Anza na ulichokiona, si tafsiri yako. "Naona wiki hii umekuwa unakula peke yako. Kuna jambo?" Kisha nyamaza. Ukimya wa sekunde kumi ni mrefu, uache upite.

Epuka "kwa nini". Kwa Kiswahili "kwa nini ulifanya hivi" ni shtaka, hata ukilisema kwa sauti laini. "Ilikuwaje?" huleta hadithi, na kwenye hadithi ndimo utakamomwona mtu.

Kwa aliyekuzidi umri njia ni nyingine. Huendi moja kwa moja kwa baba yako mkubwa kumuuliza kwa nini hakuja kwenye mahari yako. Unatanguliza mtu: shangazi, somo, mjumbe mwenye kauli. Kuna wanaosema huo ni uoga na kwamba tuzungumze waziwazi. Mimi nauona ni ustaarabu wenye akili: unampa mzee nafasi ya kubadilika bila kuvuliwa nguo mbele ya mtoto.

Mama mkwe anafunua masufuria yangu na kuongeza chumvi. Nafanyaje?

Swali hili lina vicheko vyake, lakini nimeona ndoa zikiyumba kwenye sufuria. Jiulize mama huyu aliwahi kuwa na mamlaka wapi maishani mwake. Wengi wa mama zetu walikuwa na jiko tu. Anapoingia kwako anaona ufalme wake umehamishiwa kwa mtu mwingine, na kijana aliyemlea anakula kwa mkono wako. Huenda si chuki. Huenda ni msiba mdogo usio na matanga.

Mpe kitu kilicho chake. "Mama, pilau ya sikukuu tunakuachia wewe, mimi nitakatakata tu." Na la mipaka aliseme mwanawe, si wewe. Kila mtu azungumze na wazazi wake mwenyewe. Maneno yaleyale kutoka kwa mkwe ni jeuri, kutoka kwa mtoto ni ombi.

Niko Muscat nafanya kazi, na nyumbani kila simu ni pesa. Nikisema hapana naitwa nimejisahau.

Ndugu yangu, pole. Hapa kukisia kunafanyika pande zote mbili. Wewe unakisia kwamba wanakuona benki. Wao wanakisia mshahara wako, na kwa sababu hawajawahi kuambiwa, wanaupandisha mara tatu. Picha unazotuma za duka kubwa lenye taa zinawasaidia kukosea.

Chagua mtu mmoja nyumbani mwenye busara, umwambie ukweli wote: unalipwa kiasi gani, wakala unamdai au anakudai, chumba mnalala wangapi. Kisha panga fungu lako kabla ya kuombwa. "Kila tarehe tano nitatuma kiasi hiki kwa mama. Cha ziada sina hadi mwezi wa nane." Hapana yenye tarehe haiumi kama hapana tupu. Nawe uwe na siku ya kupiga simu isiyo ya pesa kabisa, ukawaulize mvua imenyesha, mbuzi amezaa, nani ameolewa. Usiposikia sauti zao ila wakati wa shida, utaanza kuwachukia watu uliokwenda kuwatafutia.

Mume wangu aliachishwa kazi. Hasemi chochote, asubuhi anavaa anatoka. Anaenda wapi?

Kijiweni, pengine, au anatembea. Hakupoteza mshahara peke yake. Amepoteza mahali pa kwenda asubuhi, na jina aliloitwa huko. Wanaume wetu wamefundishwa neno moja la huzuni: kaza.

Usimwambie "fungua moyo wako". Mwombe mfanye kitu pamoja, mtengeneze banda la kuku, msukume mkokoteni wa maji, mkae bega kwa bega badala ya uso kwa uso. Muulize la mwili kwanza. "Siku hizi usingizi unakuja?" Mwanaume asiyeweza kusema ana huzuni anaweza kusema hapati usingizi. Na mbele ya watoto endelea kumuuliza shauri kama ulivyokuwa ukimuuliza zamani. Lakini pombe ikiingia, au akianza kugawa vitu vyake na kusema mtaishi vizuri bila yeye, soma jibu la hospitali hapa chini leo, usingoje kesho.

Mkosaji ni mimi. Naombaje radhi?

Kwanza futa "kama". "Naomba radhi kama nimekukwaza" si radhi. Ni kumwambia mwenzako huenda amejikwaza mwenyewe. Taja kosa kwa jina lake: "Nilikusema mbele ya wifi zako. Nilikuaibisha." Usiweke "lakini" baada yake. Sema utakachorekebisha, ukirekebishe, kisha mwachie muda wake. Ukianza kuuliza "bado hujanisamehe tu?" umeshageuka mdai.

Kumuelewa mtu maana yake nimsamehe? Ananipiga, lakini najua alipigwa utotoni.

Kuelewa chanzo cha moto hakukulazimishi kulala ndani ya nyumba inayoungua. Unaweza kumuonea huruma na bado ukaondoka usiku huu. Swali hili ndilo lililonifanya niandike ukurasa mzima, kwa sababu nimeona wanawake wenye huruma nyingi wakiangamia kwa huruma hiyo, na wanaume wachache pia, wanaopigwa na hawana pa kusema.

Kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi, kifungu cha 66, kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenza wake kama adhabu. Si mila, si dini, si mahari. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na kila halmashauri ina ofisa ustawi wa jamii. Simu ya mtoto ni 116, bila malipo, Tanzania na Kenya pia. Kwa Kenya namba ya ukatili wa kijinsia ni 1195. Sheria hiyohiyo ya ndoa inataka shauri la talaka lipitie kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, ila usimruhusu mtu akuambie kwamba baraza ni kukurudisha kwa mpigaji. Ukiitwa, nenda na mtu. Eleza hofu yako.

Na ushauri wa kuulizana, kusikilizana, kukaa bega kwa bega, hauhusu nyumba yenye kipigo. Kwanza usalama.

Na watoto je? Nao wanajifunza lini haya?

Tangu mgongoni. Wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya elimu ya dunia kuhusu mtoto na mlezi wake ilianzia jirani yetu, Uganda. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954 kumfuata mumewe aliyepata kazi Makerere, akawa anazitembelea familia 26 za vijiji vya jirani, anakaa na akina mama wa Kiganda na kuangalia tu. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika kwamba mama atamjia akilia ndiye anayethubutu kutambaa mbali kwenda kuchezea vitu. Tuliozoea kuogopa kumdekeza mtoto tulitazame hilo upya: anayebebwa vizuri ndiye anayekwenda mbali.

Maombi na dua si yanatosha?

Mimi naswali, na sijawahi kumwambia mtu aache. Ila Mungu aliyekupa mkeka wa kuswalia ndiye aliyempa muuguzi elimu yake. Nenda kote.

Ni lini niende hospitali?

Kama huzuni au hofu imedumu wiki mbili na zaidi, hulali au unalala tu, chakula hakipiti, kazi huiwezi. Kama unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Kama unafikiria kujiua, nenda leo, usiende peke yako. Anzia zahanati au hospitali ya wilaya. Watakupa rufaa panapohitajika, kama vile Muhimbili au Mirembe kwa Tanzania, Mathari kwa Kenya. Kwenda Mirembe si kuitwa kichaa.

Na kama ni mwenzako unayemhofia, muulize kwa maneno yenyewe: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Wengi nimewaona wakishusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyelitamka. Usimwache peke yake, na sumu ya panya, dawa na kamba viondoke nyumbani.

Rafiki yangu amefiwa na mtoto. Sijui nimwambie nini.

Usitafute maneno. "Kazi ya Mungu haina makosa" ataambiwa na mia moja. Nenda na unga na sukari, vua viatu, kaa mkekani alipo. Akitaka kumsimulia mtoto, mtaje kwa jina; watu huliogopa jina la marehemu, na mama anabaki peke yake kuwa ndiye anayelikumbuka.

Siku saba za kwanza nyumba itajaa, masufuria ya jirani, maturubai, vijana wa kuchota maji. Baada ya arobaini turubai zinakunjwa na kila mtu anarudi kwake. Weka alama kwenye simu yako wiki ya saba. Siku hiyo nenda bila taarifa ndefu, asubuhi, mwambie, "Nimekuja tufue." Mtakapofika kwenye nguo ndogo, mwachie aamue.